Mkeka wa Kukunjia Kijiji

Nilipokuwa bado natokwa na meno ya mbele, niliamini, kwa imani isiyo na tundu hata la sindano, kwamba Bi Mwamvua na wanawake wenziwe waliotoka bara walikuwa wanasuka mkeka wa kukunjia kijiji chetu. Nasema kijiji chote: nyumba, msikiti, skuli pamoja na mwalimu mkuu wake, mbuzi, mikarafuu, na kisima na maji yake ndani. Mkeka ukitimia wangeutandaza siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa wamesujudu hawaoni, watuviringishe kama mtu anavyoviringisha jamvi la karafuu wingu likitisha, watufunge kamba katikati, watutie kichwani, Bi Mwamvua mbele kwa kuwa ndiye mwenye shingo nene, wavuke nasi mpaka bara. Huko tungekunjuliwa mahali pasipo bahari tukaambiwa haya, ishini.

Habari hii niliipata kwa Makame, mtoto wa ami yangu, aliyenizidi miaka miwili na ambaye alikuwa ameshafika mjini Wete mara tatu. Mtu aliyefika Wete mara tatu utambishia nini?

"Wanachukua ukili mmoja, utepe mmoja wa mkeka, kila nyumba," alinambia. "Hiyo ndiyo hesabu yao. Nyumba isiyotoa ukili haikunjiki."

"Na isiyokunjika inakuwaje?"

"Inabaki," alisema, akatema mate pembeni kama mtu mzima. "Lakini peke yake."

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Mimi, kwa wasionijua, ni mhitimu wa darasa la jioni la watu wazima. Cheti changu nimekitia fremu kubwa kuliko dirisha, na mgeni akiingia kwangu hukisoma kwanza ndipo akapewa maji. Basi mwaka wangu wa mwisho pale darasani, mwanamke mzee alikuja kukaa dawati la mbele yangu, na chini ya miguu yake akaweka mkoba wa miyaa iliyoroweshwa, ile mikindu iliyochanwa tayari kwa kusukwa. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu ile: majani yaliyonyeshewa, na ndani yake kitu kama chai iliyosahauliwa kikombeni siku mbili. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, mimi herufi zikanikimbia zote. Nilianza kutoka jasho la mtoto wa miaka saba. Mzee yule nitamrudia.

Kijiji chetu kiko upande wa Gando. Bondeni, ukishapita skuli, wanakaa watu wenye asili ya bara. Baba zao walikuja kuchuma karafuu, msimu ukaisha, wao hawakuondoka. Wakalima muhogo, wakavua, wakazaa, wakazika. Msikitini tulisimama nao safu moja. Chuoni, kwenye Kurani, watoto wao tulikaa nao jamvi moja na tukala bakora moja. Lakini akitajwa Bi Mwamvua, ambaye alifika kisiwani akiwa kasichana kanakobeba mdogo wake mgongoni, na wakati ninaousema mimi alikuwa na wajukuu wasio na idadi, watu walisema "yule mgeni wa bondeni". Mgeni huyo alikuwa ameshakaa kijijini kabla baba yangu hajazaliwa.

Baba, Allah amrehemu, alikuwa fundi baiskeli, na hapakuwa na kitu duniani alichokiamini kabla hajakigonga kwa spana. Aliishuku redio kwamba inasikiliza. Kuku wa jirani akija kutaga kwetu, alimshuku kwamba katumwa. Kwa hiyo watu wa bondeni aliwashuku bila chuki yoyote, kama alivyoushuku mnyororo mpya. Mimi nilirithi macho yake. Nilikuwa najificha nyuma ya jiko la mama na kuchungulia dunia kupitia nyufa za makuti, na nisikudanganyeni, niliona mengi.

Niliona, kwa mfano, kila Jumatano baada ya swala ya alasiri, moshi bondeni na sufuria kubwa kama mtumbwi inachemka zambarau. Niliona wanawake wameizunguka wakikoroga kwa mwiko, wakitoa humo vitu virefu vya zambarau na kuvianika kwenye kamba. Leo najua ni miyaa iliyotiwa rangi. Siku zile nilijua ni utumbo, swali lilikuwa wa nani tu.

Na nilimwona Bi Mwamvua anapita nyumba kwa nyumba na kuhesabu wanawake. Siku moja akapita kwetu.

"Hodi! Hodi wenyewe! Asalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam, Bi Mwamvua," mama akaitikia kutoka jikoni. "Karibu. Nikutolee kiti."

"Mie na kiti wapi na wapi, mwanangu. Nipe hiyo mbuzi ya kukunia nazi nikalie. Haya, tumbo limeshuka?"

"Bado. Mateke tu, kama kala pilipili."

Mama wakati ule alikuwa mja mzito. Mimi nilijua tu kwamba ananenepa upande mmoja. Bi Mwamvua akafungua fundo la kanga yake, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa akatoa udongo. Udongo, wallahi. Kipande kama kidole. Akampa mama. Mama akakiweka mdomoni, akakitafuna mpaka nikasikia kinavyosagika, akafumba macho kwa raha.

"Nyumba hii mna wanawake wangapi?" Bi Mwamvua akauliza.

"Mie na mama mkwe. Lakini mama mkwe vidole vimemkataa, hasuki tena."

"Basi wako unatosha. Uusuke kwa mkono wako mwenyewe, ule unaojulikana."

Sikungoja zaidi. Nilikwenda mbio mpaka kwa Makame, njiani nikaruka mbuzi wawili na bibi mmoja. "Wameshaanza kumlisha mama ardhi!"

Makame alitikisa kichwa, kama daktari. "Ndivyo wanavyofanya," akasema. "Ile ardhi ya chini ya nyumba haikunjiki. Ile lazima iliwe."

Jioni baba alirudi, akanusa hewa. "Mgeni wa bondeni katafuta nini tena hapa?"

"Kaja kunisalimu."

"Salamu gani ya kuhesabu watu?"

"Kahesabu wanawake. Wewe hukuhesabiwa."

"Hapo hapo ndipo ninaposhuku," alisema baba, akaenda kunawa.

Sasa nikuelezeni mambo ambayo mtoto nyuma ya makuti hakuyajua. Kituo chetu cha afya kilikuwa na chumba cha kuzalia. Kilijengwa, kikapakwa rangi, kikatiwa kitanda, kisha kikatiwa kufuli, na mkunga hakuletwa. Mwanamke akishikwa na uchungu alipakiwa kwenye gari ya mtu yeyote mwenye huruma akimbizwe Wete, na kama huruma au petroli imekwisha siku hiyo, basi. Kabla ya mimba ile, mama alikuwa amejifungua njiani, juu ya magunia, na mtoto hakufika Wete. Alikuwa wa kike. Habari zake nilizisikia nikiwa na ndevu.

Wanawake wa bondeni ndio walioanza kudai kile chumba kifunguliwe, kwa sababu wao hata hiyo gari ya huruma ilikuwa ikiwafikia mwisho. Waliandikiwa barua, wakatia vidole gumba, ikapelekwa kwa sheha, mkuu wa kijiji. Barua ikapotea. Wakaandikiwa nyingine, hiyo ikajibiwa kwamba alama za gumba zinafanana zote, huenda kazitia mtu mmoja, na isitoshe waliotia ni watu wa bondeni, haijulikani wakoje. Hapo ndipo Bi Mwamvua alipowaambia wenziwe kwamba atapeleka kitu kisichoenea kwenye mtoto wa meza, ile droo ya sheha. Kila mwanamke asuke ukili mmoja, ule utepe mrefu wa miyaa, wa kwetu na wa kwao, kisha zote zishonwe pamoja ziwe mkeka mmoja. Wengi hawakujua kuandika majina yao, lakini hakuna mwanamke asiyeujua ukili wa mwenzake. Wa mama ulikuwa umekazwa mpaka maji hayapiti, na kila baada ya shubiri moja aliingiza mwaa mmoja wa kijani. Ungeuchanganya na elfu, shangazi yangu angeutoa amefumba macho.

Mama alikuwa mwenyeji wa kwanza kutoa wake. Kwa hiyo ukashonwa baada ya zile za bondeni, na zilizokuja nyuma yake zikawa za wenyeji waliomwona mama katoa nao wakatoa. Wekeni jambo hilo akilini.

Siku tano kabla ya mkutano wa sheha, ambako mkeka ungepelekwa, mama alinituma bondeni na bakuli la mseto. Nilikwenda kwa hatua za mtu anayepelekwa mahakamani. Uwanjani kwa Bi Mwamvua hapakuwa na mtu, walikuwa wameingia ndani kusali. Na pale ukutani ulikuwa umeegemezwa wenyewe, mkeka. Makame alikuwa amesema ni mkubwa kuliko kisiwa kizima cha Kojani. Alipunguza! Niliufungua kidogo, ukajifungua wenyewe ukinifuata, mpaka nikauona ukili wa mama, kijani chake kinaniangalia.

Mfukoni nilikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Nilifikiri hivi: tukiondoa wetu, sisi hatukunjwi. Tutabaki mimi, mama, baba, bibi na mbuzi, na mahali palipokuwa na kijiji patakuwa na shimo kubwa, lakini tutazoea. Nilifikiria kumwokolea na Makame ukili wa kwao. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi yake alikuwa amenila embe. Nikakata wa mama tu, nyuzi zote, upande huu na upande huu. Nikauviringisha, nikautia ndani ya kanzu, nikaliacha bakuli la mseto mlangoni, nikakimbia. Nyumbani niliuficha kwenye banda, chini ya kuku wetu mwekundu aliyekuwa anaatamia na ambaye hata baba alimwogopa.

Niliondoa ukili mmoja. Lakini ule ukili ulikuwa katikati, na mkeka ulianguka vipande viwili: huku zote za bondeni, huku zote za wenyeji.

Lo, wenzangu, kilichofuata! Asubuhi kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona. Wenyeji walisema, si mnaona, wa bondeni wamejitenga, walitaka majina yetu tu. Watu wa bondeni walisema, si mnaona, wenyeji wametukata kama kawaida yao. Kisimani, ambako wanawake walizoea kuchekeana hadi ndoo zinamwagika, kila mmoja aliteka akaondoka na kitambaa chake cha kichwa kimenyooka. Shangazi alimshuku Bi Mwamvua. Bi Mwamvua alimshuku sheha. Sheha, nasikia, alimshuku mkewe. Na mama alimshuku baba.

"Sema tu," mama alimwambia, amesimama mlangoni mkono kiunoni. "Ukisema nitajua moja."

"Niseme nini?"

"Ukili wangu umeondoka wenyewe? Umeota miguu? Wa shangazi upo, wa jirani upo, wa kwangu ndio haupo. Nani kijijini hapa hamwamini Bi Mwamvua mpaka salamu yake anaipima?"

"Mimi?" Baba alijigusa kifua na spana iliyokuwa mkononi. "Mimi nishike wembe, nikakate miyaa ya wanawake? Mie mwanamme mzima?"

"Nani kakwambia ulikatwa kwa wembe?"

Baba akaitazama spana yake. Alikuwa amesikia kisimani kama watu wote, na angeweza kusema hivyo tu. Mtu aliyeushuku ulimwengu mzima maisha yake yote alikuwa ameshukiwa kwa mara ya kwanza, na hakujua mtu anatakiwa afanye uso gani. Alihamishia sahani yake barazani. Siku tatu alikula peke yake akiangalia baiskeli. Mama alimpelekea chakula, na kila alipoinama kukiweka, alishika kiuno.

Nami? Nami nilikuwa nyuma ya makuti. Nilimwona baba anavyogeuza tonge bila kulila. Nilijua neno moja langu lingemrudisha ndani. Lakini nilihesabu hivi: bora baba ale barazani kijiji kikiwa pale pale, kuliko sote tule pamoja tumekunjwa. Nilijiona shujaa, na shujaa yule alikuwa anakwenda chooni mara kumi kwa siku.

Siku ya nne mama aliingia bandani kuokota mayai. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na ukili mkononi, una manyoya na vitu vingine vya kuku.

"Kombo."

"Labeka mama."

"Kuku huyu kaanza lini kutumia wembe?"

Nilimwaga yote. Kukunjwa, Ijumaa, shingo ya Bi Mwamvua, bara isiyo na bahari, ardhi aliyolishwa. Nilidhani atacheka, au atanikumbatia kwa kuwa nimemwokoa. Mama hakufanya lolote katika hayo. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akanishika sikio, na kwa sikio hilo tukapita mbele ya baba barazani. Pale akasimama, akauinua ukili ili auone, akamwambia, "Nisamehe." Neno moja tu. Baba akautazama ukili, akanitazama mimi, akarudi kuitazama baiskeli. Lakini sahani yake aliinua, akaingia nayo ndani.

Bondeni, Bi Mwamvua alimsikiliza mama aliyemnong'oneza mambo yote. Nilimwona uso wake ukibadilika pale mama alipofika kwenye habari ya kukunja, kama mtu aliyemeza mwiba na hataki wageni wajue. Kisha akaingia ndani, akatoka na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea mikeka.

"Shika," akanambia. "Aliyekata ndiye anayeshona."

Nilishona kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Nilijichoma kidole mara elfu moja, na damu iliyotoka ingejaza ndoo ya lita ishirini. Wanawake wa bondeni wakinionyesha wapi pa kupitisha, kaza, legeza, kaza. Hakuna aliyeniambia kwamba nimekosea kuhusu kijiji. Walinipa muhogo wa nazi, wakanishika kichwa, na kwenye suala lenyewe wakanyamaza. Na hapo ndipo hofu yangu ilipozidi. Fikirini: mkeka ule sasa ulikuwa umekamilishwa na mkono wangu. Kijiji kikikunjwa, nimekikunja mimi.

Siku ya mkutano nilichukua kamba ya mbuzi, nikajifunga kiunoni, na ncha ya pili nikaifunga kwenye nguzo ya kibanda cha mkutano, jirani na kituo cha afya, fundo saba. Watakaokunjwa wakunjwe. Mtoto wa fundi baiskeli atabaki na nguzo yake.

Wanaume walikaa mabenchi. Sheha alikaa kiti, na pembeni yake afisa mmoja kutoka wilayani aliyekuwa akijipepea kwa faili. Wanawake kwa kawaida husimama nyuma. Siku ile walikuja na mkeka, wakautandaza mbele kabisa, wakakaa kila mmoja juu ya ukili wake. Mama alikaa katikati, juu ya kijani chake, miguu ameinyoosha kwa ajili ya tumbo. Mshono wangu ulionekana toka mbali. Ulikuwa umekwenda upande kama njia ya kaa.

Bi Mwamvua hakutoa hotuba. Alisema, "Sheha, ile barua iliyopotea ndiyo hii. Na kama huyajui majina, kila mmoja kakalia lake."

Afisa akauliza kwa upole, ule upole wa watu wenye mafaili, kama wanaodai wote ni wakaazi wa asili. Akasema baadhi, kwa anavyoelewa, ni wageni.

"Uchungu ukinishika," mama akasema bila kusimama, "utaniuliza asili?"

Mabenchini mtu alikohoa. Sheha akasema maneno mazuri mengi. Wamepokewa, wamesikika, jambo litafikishwa, wavute subira. Wanawake wakatazamana. Walikuwa wameshavuta subira kwa barua mbili. Mmoja akaanza kuinuka, na mwengine, na Bi Mwamvua mwenyewe akashika ncha ya mkeka, akaanza kuukunja.

Kuukunja!

Ukelele nilioutoa siku ile uliangusha embe Wete. "Msitukunje!" nililia, na kamba ikanirudisha kwenye nguzo nilipojaribu kukimbia. "Bi Mwamvua, usitukunje! Usitupeleke bara! Mama ndo anataka kuzaa!"

Afisa akaacha kujipepea. "Mtoto huyu ana nini?"

"Wanataka kukihamisha kijiji," nikamwelezea, kwa kuwa alionekana mtu wa kusoma. "Wageni wa bondeni. Watu wote wanajua. Wamekuja kutuchukulia nchi."

Nilitazama mabenchini nipate mashahidi. Wenzangu, hapakuwa na shahidi. Ami, baba yake Makame, alikuwa anaangalia ndara zake. Wazee waliokuwa wakisema hivyo kila siku chini ya sauti, juu ya bao, juu ya kahawa, walikuwa wote wamepata kazi ya kufuta miwani. Makame alikuwa amepotea, na nadhani mpaka leo hajarudi vizuri. Maneno waliyokuwa wakiyanong'ona yalikuwa yamesemwa na mtoto aliyefungwa kamba ya mbuzi, kwa sauti, mbele ya wenyewe, na hayakuwa mazuri kusikika.

Baba alisimama kutoka mwisho wa benchi. Nilijua nimekwisha. Alikuja mpaka kwangu, akatazama fundo langu la saba, akaanza kulifungua polepole, na mgongo ameupa mabenchi. Bila kugeuka akasema, "Bi Mwamvua, usiukunje. Mtoto anaogopa."

Bi Mwamvua alinitazama kwa muda. Hakunijibu. Aliiachia ile ncha ya mkeka, akainyoosha kwa kiganja, akakaa tena juu ya ukili wake. "Haya," akasema. "Haukunjwi."

Na haukukunjwa. Walikaa siku arubaini. Basi, tuseme siku nne, tena mchana, wakipokezana kwenda kupika na kuswali, lakini mkeka ulibaki umetandazwa pale na kila ukili ukawa na mtu wake au binti wa mtu wake. Wenyeji na wa bondeni walimenya muhogo pamoja juu yake, kucheka kukarudi, ndoo zikaanza kumwagika. Sheha alilazimika kuuzunguka kila akienda kwake, na mtu haweki jambo kwenye mtoto wa meza huku analizunguka. Baba alipeleka maji kwa baiskeli, mapipa mawili mawili, na kila alipofika aligonga mlango wa kile chumba kwa spana kuona kama kufuli bado ni zima.

Siku ya tano aliletwa mkunga, na ufunguo. Alikuwa anakuja siku tatu tu kwa wiki, na mwaka wa pili ilibidi mkeka utoke tena. Lakini mdogo wangu wa kike alizaliwa mle, siku ya mkunga, asubuhi, baba akiwa nje anaishuku saa yake. Mtoto huyo sasa ana makelele kuliko mimi.

Nirudi darasani. Mzee wa dawati la mbele alikuwa Bi Mwamvua, meno hayapo, shingo imekonda, mkono umeishika penseli unaandika herufi za jina lake moja moja, amezikaza kama miyaa. Siku kadhaa nilijifanya sikumwona. Fundi baiskeli alinizaa, kuanza kushuku ndiko kunakonijia kwanza: labda kanisahau, labda hajasahau. Mwishowe, siku moja kabla mwalimu hajaingia, nikainama mbele.

"Shikamoo Bi Mwamvua. Mie Kombo. Wa kamba ya mbuzi."

"Marahaba. N'nakujua tokea siku ya kwanza, nakusikia unavyopumua." Hakugeuka. Alikuwa anamalizia herufi.

"Siku ile nilikulilia mbele za watu usitupeleke bara, hukunijibu."

"Hukuwa wewe uliyesema. Walikuwa waliokaa mabenchi, na wao hawajaniuliza mpaka leo."

"Basi nakuuliza mie. Kweli mlitaka kutupeleka bara?"

Akaweka penseli chini, akageuka. Akanitazama vile vile kama siku ile, lakini safari hii akajibu, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mpita njia.

"Kombo, mwanangu, bara kwenyewe nilitoka nikiwa mtoto. Sina nyumba huko, sina shamba, sina mtu hata mmoja anayenijua. Tungekupelekeni wapi? Sisi tunakaa hapa."